Lightlark: Laana Kubwa, Mapenzi Yasiyogharimu Kitu

Mnamo Machi 2021, mwandishi wa Marekani Alex Aster aliweka kwenye TikTok video fupi iliyowauliza watazamaji kama wangependa kusoma kitabu kuhusu kisiwa kilicholaaniwa, kinachojitokeza mara moja tu katika kila miaka 100, ambako watawala sita hukutana katika shindano la kutafuta njia ya kuvunja laana za watu wao, kwa sharti kwamba mmoja wao lazima afe. Video hiyo ilitazamwa zaidi ya mara milioni moja katika muda mfupi sana. Riwaya yenyewe, Lightlark, ilitolewa na Amulet Books tarehe 23 Agosti 2022, na hata kabla haijafika mikononi mwa wasomaji kampuni ya Universal ilikuwa imekwisha kununua haki za kuitengenezea filamu. Ni vitabu vichache vya vijana vinavyozaliwa vikiwa na matumaini mengi kiasi hicho mabegani.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi wa riwaya za njozi zenye mapenzi ndani yake, na siandiki haya kwa dharau ambayo wahakiki wengi wanayo dhidi ya aina hii ya fasihi. Naamini kwamba kisa cha mapenzi kinapowekwa katika ulimwengu wenye uchawi kinaweza kusema mambo ambayo riwaya ya kawaida haiwezi kuyasema, kwa sababu hofu zilizofichika moyoni, kama hofu ya kumdhuru umpendaye au ya kumpa mtu mwingine nguvu juu yako, zinaweza kufanywa sheria za dunia nzima. Lightlark ina sheria za namna hiyo, na ni nzuri kuliko nyingi nilizowahi kukutana nazo. Kilichonisikitisha ni kwamba mwandishi anaziweka sheria hizo waziwazi mbele yetu, kisha anawapitisha wapenzi wake kando ya sheria hizo. Ili kulieleza hilo nitalazimika kutoboa siri za kitabu, zikiwamo za mwisho, kwa hiyo asiyetaka kuzijua aishie hapa.

Ulimwengu wa riwaya una milki sita, na kila moja ilipigwa laana yake miaka 500 iliyopita. Watu wa Starling hufa wakifika umri wa miaka 25. Moonling huchukuliwa na bahari kila mwezi unapokuwa mpevu. Skyling, waliokuwa wakiruka angani, hawawezi tena kuruka. Sunling hawawezi kuguswa na jua, na Nightshade hawawezi kuishi usiku. Wildling, milki ya mhusika mkuu Isla Crown, wamepewa laana ya kutisha kuliko zote, kwani ni lazima wamuue yeyote wanayempenda, na tena wanaishi kwa kula mioyo ya watu. Kila baada ya miaka 100 kisiwa cha Lightlark hutokeza kwa siku 100, watawala wote sita hukusanyika, na utabiri unadai kwamba laana haziwezi kuondoka mpaka mtawala mmoja afe. Kwa kuwa uhai wa watu umefungamana na uhai wa mtawala wao, kifo cha mmoja ni kifo cha taifa lake zima.

Msomaji akifika hapo anajiambia kwamba amepata kitabu. Msichana anayelazimika kumuua atakayempenda anatumwa kwenye kisiwa ambako wanaume wawili wenye uwezo mkubwa, mfalme Oro wa Sunling na Grim wa Nightshade, watamvutia kila mmoja kwa namna yake. Tunatarajia kila tabasamu liwe hatari, kila mguso uwe deni, na kila hatua ya kuelekea penzini iwe hatua ya kuelekea kwenye mauaji. Huo ndio msuko ambao tangazo lilituahidi.

Lakini mapema sana tunaarifiwa kwamba Isla alizaliwa bila uwezo wowote wa kichawi, na kwamba hana laana pia. Hali mioyo, na akimpenda mtu hatalazimika kumuua. Laana iliyotuita kitabuni inabaki kuwa ya watu wake, waliobaki nyumbani, ambao tunawaona kwa nadra na kwa mbali, huku mhusika tunayefuatana naye kwa takriban kurasa 400 akiwa huru nayo kabisa. Naelewa kwamba mwandishi alitaka kuijenga taharuki yake juu ya siri, maana msichana asiye na uwezo anapoketi meza moja na watawala wenye nguvu, kugunduliwa kwake kunaweza kumgharimu maisha. Taharuki hiyo ipo kweli katika sura za mwanzo, hasa anapolazimika kuonyesha mbele ya wenzake uwezo ambao hana, akitegemea mafunzo ya kupigana aliyopewa na mlezi wake Terra na ujanja aliofundishwa na mlezi wake wa pili, Poppy. Hata hivyo, siri ya kukosa uwezo ni hofu ya mashindano tu. Hofu iliyokuwa ya mapenzi imeondolewa, na mahali pake hapakuwekwa kitu.

Ipo sheria ya pili ambayo naiona bora zaidi, kwa sababu ni ya hila zaidi. Mtawala anapompenda mtu kwa dhati, mpendwa huyo anapata njia ya kuufikia uwezo wake. Fikiri maana yake kwa watu wanaobeba uhai wa mataifa mazima katika miili yao. Kupenda ni kumkabidhi mwingine ufunguo wa ghala na silaha kwa wakati mmoja, bila ya kuweza kuuomba urudi. Watawala wa namna hiyo wangejilinda dhidi ya mioyo yao kwa karne nyingi, na ndoa zao zingekuwa mikataba ya vita. Mtu anayesema "nakupenda" angekuwa ama mwongo, ama mjinga, ama jasiri kuliko wote waliomtangulia. Mtu anayeambiwa maneno hayo naye angejiuliza usiku kucha kama anapendwa kweli au anawekewa mtego. Kisa kizima kingeweza kusimama juu ya wazo hilo peke yake. Lightlark inalitaja, inaliweka kando kwa muda mrefu, kisha inalirudia karibu na mwisho, wakati Isla anapohitaji uwezo asiokuwa nao ili aokoke. Sheria ambayo ingetakiwa kuwatesa wahusika kuanzia mwanzo inakuja kuwaokoa dakika ya mwisho.

Tunao mfano mzuri wa jinsi sheria ya kichawi inavyoweza kubeba kisa katika fasihi yetu wenyewe. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952, ndugu wawili waliomfanyia Adili uovu wanageuzwa manyani, naye analazimishwa kuwachapa kila usiku ilhali anawapenda na kuwahurumia. Hakuna anayehitaji kutuambia kwamba Adili ana huruma, kwa kuwa kila pigo la mjeledi linatuonyesha. Uchawi umewekwa katikati kabisa ya uhusiano wa kindugu, mahali panapouma, na hauondoki kwa urahisi. Sidai kwamba riwaya ya vijana ya mwaka 2022 iandikwe kama hadithi ya Shaaban Robert. Nasema tu kwamba laana huwa na nguvu pale mhusika anapolazimika kuishi nayo, na Isla haishi na laana yoyote.

Sasa niwazungumzie wanaume wenyewe. Grim anaingia akiwa na utani, dhihaka na macho yasiyombanduka Isla, na kwa muda mrefu nilishangaa mvuto huu mkubwa kati yao unatoka wapi, kwa maana hawajafanya lolote pamoja linaloustahili. Jibu linakuja mwishoni: walikuwa wamekwisha kupendana kabla ya mashindano, kwa kipindi cha karibu mwaka mzima, na Grim ndiye aliyezifuta kumbukumbu hizo akilini mwa Isla. Kama mshtuko, jambo hilo lilinifanya nigeuze kurasa nyuma kutafuta dalili, na dalili zipo, hilo namkubalia mwandishi bila kinyongo. Kama kisa cha mapenzi ni hasara tupu. Mapenzi makubwa kuliko yote kitabuni yametokea nje ya kitabu. Mkutano wao wa kwanza, ugomvi wao wa kwanza na siku waliyoacha kuogopana ni mambo yasiyosimuliwa, na msomaji anadaiwa machozi kwa ajili ya kitu ambacho hakuruhusiwa kukiona. Tena kitendo cha kuifuta akili ya mpenzi bila idhini yake ni kitendo kizito mno, chenye kuhitaji kurasa nyingi za hasira, mashaka na maswali, lakini kinatokea wakati mambo mengine matano yanalipuka kwa pamoja, kwa hiyo hasira ya Isla inapewa nafasi finyu.

Oro ana bahati kidogo kuliko Grim katika maelezo na bahati zaidi katika matendo. Ni mfalme mkavu, mchovu, ambaye kisiwa kinakufa pamoja na mwili wake, na anamwendea Isla kwa pendekezo la kazi: washirikiane kuutafuta moyo wa Lightlark, yaani chanzo cha nguvu za kisiwa. Safari zao za usiku ndizo sehemu za kitabu nilizozipenda kwa dhati. Hapo hawatongozani, wanachoka, wanakosea njia, wanajibizana, na kimya kati yao kinabadilika polepole kutoka kimya cha watu wasioaminiana hadi kimya cha watu waliozoeana. Kama riwaya ingekuwa na subira ya kuwaacha wawili hawa wazungumze juu ya maana ya kubeba taifa mwilini, mmoja akiwa na uwezo mwingi kupita kiasi na mwingine akiwa hana hata chembe, ningeandika makala tofauti kabisa leo. Badala yake mazungumzo yao yanakatwa kila yanapoanza kukolea, ama kwa shambulio, ama kwa vazi jipya, ama kwa ugunduzi wa kitu kingine kinachopaswa kutafutwa.

Kutafuta vitu ndilo tatizo la msuko kwa jumla. Isla na rafiki yake Celeste, mtawala wa Starling, wana mpango wao wa siri wa kupekua maktaba za visiwa vya milki mbalimbali ili kupata kifaa kinachoaminika kumwondolea laana mtawala atakayekitumia. Wakati huohuo Isla anautafuta moyo wa kisiwa na Oro. Kwa sababu hiyo sehemu ya kati ya riwaya inajaa safari za kuingia mahali kwa kunyemelea, kukosa kinachotafutwa, na kutoka salama, halafu kurudia hayohayo mahali pengine. Shindano la kifo tulilotangaziwa linasukumwa pembeni. Watawala sita wanaopaswa kuamua nani afe pamoja na watu wake wote hawakai chini hata mara moja kulijadili swali hilo kwa uzito unaostahili.

Hapo ndipo nilipoona utajiri uliopotea bure. Laana za milki hizi hazilingani hata kidogo. Kutoweza kuruka ni huzuni. Kufa kabla ya miaka 26 ni maangamizi yanayoendelea kwa vizazi, taifa lisilo na wazee, lisilo na mtu anayekumbuka jambo lililotokea zaidi ya miongo miwili na nusu iliyopita. Je, mtawala wa watu waliopoteza mbawa zao ana haraka ileile ya kumtoa mtu kafara kama mtawala wa watu wanaozika watoto wao? Je, Skyling wangekubali kuishi na laana yao milele kuliko kuhatarisha taifa lingine, na Starling wangewaonaje kwa msimamo huo? Azul wa Skyling, ambaye angetufaa sana kwa maswali haya, anatokea kwa nadra na kwa upole usio na kazi. Cleo wa Moonling amepewa ukali peke yake, ingawa watu wake wanamezwa na bahari kila mwezi mpevu na ukali wake ungeweza kueleweka kama majonzi. Kila milki ina rangi yake ya mavazi, kijani, fedha, dhahabu, nyeupe, samawati na nyeusi, na kwa baadhi ya wahusika rangi hiyo ndiyo karibu kila kitu tunachokijua kuwahusu.

Celeste ndiye msaliti mkuu wa riwaya. Inadhihirika kwamba rafiki huyu kipenzi ni Aurora, mtawala wa zamani aliyezileta laana zenyewe. Wazo ni zuri, nami sikulikisia mapema. Ila urafiki wao ulikuwa umejengwa kwa taarifa: tunaambiwa kwamba wanapendana kama ndugu, tunaambiwa kwamba wamekuwa wakitembeleana kwa siri kupitia kifaa cha kichawi ambacho Isla alikikuta miongoni mwa vitu vya mama yake, lakini hatujapewa kumbukumbu za kutosha za vicheko na ugomvi wao ili kumpoteza Celeste kuwe msiba kwetu sisi wasomaji. Ni kasoro ileile ya Grim, imejirudia kwa rafiki: uhusiano umetangulia hadithi, na hadithi inatutaka tuusadiki kwa neno.

Kuhusu lugha sitasema mengi. Usimulizi ni wa nafsi ya tatu, sentensi ni fupi, aya zinakimbia, na kwa msomaji wa miaka 14 anayetaka kumaliza kitabu kwa siku mbili hilo si kosa. Nilichoka tu na mavazi, mataji na vito vinavyoelezwa kwa bidii kubwa kuliko nyuso, na nilichoka na desturi ya kumalizia sura nyingi kwa kauli moja ya kushtua, ambayo katika sura inayofuata inageuka kuwa si jambo kubwa sana.

Lipo suala la matangazo, na kwa kitabu hiki haliwezi kuachwa nje kwa sababu matangazo ndiyo yaliyokizaa. Kwa zaidi ya mwaka mmoja wasomaji walikuwa wakiona video za mwandishi zenye mistari na matukio ya kitabu, na baada ya nakala za mwanzo kutoka, wengi walilalamika kwamba baadhi ya waliyoyaona hawakuyakuta ndani. Mwandishi kufuta au kubadilisha tukio wakati wa kuhariri ni jambo la kawaida, na pengine kitabu kinafaidika kwalo. Hakuna mswada unaofika kiwandani kama ulivyoanza. Tofauti ni kwamba hapo zamani tukio lililofutwa lilijulikana kwa mwandishi na mhariri wake tu, ilhali hapa lilikuwa limekwisha kupendwa na maelfu ya watu. Baadhi ya tathmini za ukali zilizofuata zilivuka mpaka, zikaacha kitabu na kumshambulia mtu, na sikuona haja ya kuziunga mkono. Lakini nikiviweka vile vipande vya video kando ya riwaya iliyokamilika, naona kwamba kila kipande kiliuza hali iliyokwisha kuiva: tazama wanavyochukiana, tazama anavyomlinda, tazama msaliti anavyojifunua. Video ya sekunde chache haihitaji kuonyesha hali hiyo ilifikiwaje. Riwaya inahitaji, na sehemu nyingi za Lightlark zinasomeka kana kwamba ziliandikwa ili zifike kwenye kilele kilichokwisha kutangazwa, kwa njia ya mkato.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Kitabu kiliingia katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya New York Times, na wapo vijana wengi ambao kwao hiki ndicho kitabu kinene cha kwanza kukimaliza kwa hiari yao. Naielewa sababu. Kasi yake haipoi, kisiwa chenyewe kinavutia machoni pa akili, na mwisho wenye mafunuo mengi kwa mpigo unamfanya mtu atake kuanza juzuu ya pili saa hiyohiyo. Kijana akiniuliza kama akisome, nitamwambia akisome, asikitegemee tu kwa yale ambayo laana ya Wildling inamwahidi kwenye jalada.

Juzuu hiyo ya pili, Nightbane, ilitoka mwaka 2023, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kurudisha zile kumbukumbu zilizofutwa, yaani mwaka ambao Isla na Grim waliishi mapenzi yao bila sisi kuwapo. Nilipolisikia hilo nilifurahi kidogo na kukasirika zaidi. Kumbe mapenzi hayo yalikuwa na kisa chenye mwanzo, hatari na maamuzi, na kilistahili kusimuliwa, lakini msomaji wa juzuu ya kwanza alitakiwa kuvunjika moyo kwanza, kisha ndipo aelezwe alikuwa anavunjika moyo kwa ajili ya nini. Nitaisoma kwa sababu ya Oro na zile safari za usiku, na nitaanza kwa kutazama kama safari hii Isla atalipa chochote kwa kupenda.